Habari Iliyongoja Ijumaa

Riziki tulimzika Jumanne, na kufikia Alhamisi vijana wa nyumba walikuwa wameshaanza kugombana juu ya televisheni. Siwalaumu. Bibi wa miaka tisini akifa, watu hulia siku ya kwanza, siku ya pili hula, na siku ya tatu hukumbuka kuna mpira. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, sikio moja likiwa kwenye kisomo na jingine sebuleni, maana masikio yangu yalizaliwa na umbeya na uzee haujayafundisha adabu. Mjukuu mmoja alikuwa analalamika kwamba abonema ya mwezi imekwisha, kingamuzi kimefunga, na mechi ni jioni ile ile. Wa pili akamwambia wafungue televisheni ya Leta, ya serikali, hiyo haimfungii mtu. “Ya Leta?” wa kwanza akacheka. “Ya Leta itakuonyesha batu banakata utepe.” Wa pili akajibu, “Bon, lakini hata jirani anaiona.” Wakabishana vile, huyu akisifu cha kulipia na yule akitetea cha bure, na mimi nikajifuta macho kwa kanga nikaomba maji. Mwanamke aliyeniletea alidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia kweli, ila si kwa sababu aliyoidhani.

Vijana hudhani ubishi huu ni wa kwao. Sisi tulibishana hivi hapa Gisenyi kabla hatujajua kwamba kuna kitu kinaitwa televisheni, mwaka mmoja katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kumi na saba. Kwetu ilikuwa redio. Nimeusimulia mwaka ule mara nyingi, kwa wanangu, kwa wakwe, hata kwa mtafiti mmoja aliyekuja na kinasa sauti, na kila nilipousimulia nilijipunguzia kidogo. Sasa Riziki hayupo wa kunisikia nikijipunguzia, na labda ndiyo maana leo nathubutu kutojipunguzia. Najua kwamba hilo halinipi sifa yoyote.

Cha bure kilikuwa kwenye mlingoti kando ya soko. Leta, ndivyo tulivyoiita serikali na ndivyo tunavyoiita mpaka leo, ilikuwa imesimamisha nguzo ya chuma yenye vipaza sauti viwili, kimoja kikielekea ziwani na kingine kikielekea kwetu, mtaa wa Waswahili. Watu waliupa jina la Munwa, yaani mdomo kwa Kinyarwanda. Munwa ulianza saa tatu asubuhi na kufunga saa tisa, ofisi ilipofunga, kwa kuwa aliyeusemesha alikuwa karani wa ofisi, Gaspari, mtu mwembamba wa Nyakiriba aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Gaspari alisema kwanza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili. Alituambia tuchimbe matuta, tupande muhogo, tupeleke watoto wakachanjwe, tusitupe matumbo ya samaki ufukweni. Baada ya hapo alipiga santuri mbili, na wauza samaki waliacha kubishana bei ili wasikilize. Zikiisha tu, soko lilirudi kwenye kelele zake, na matangazo ya watu, aliyepotelewa na mbuzi, aliyefiwa, aliyeandikiwa barua, yalisomwa katikati ya kelele hizo. Munwa ulimsemesha kila mtu na haukumsikiliza yeyote. Tuliudharau hivyo tu, kwa raha. Bi mmoja wa samaki alikuwa akiupungia mkono kila ukianza habari ya matuta: “We Munwa, kuya basi uchimbe!” yaani njoo uchimbe wewe.

Cha kulipia kilikuwa nyumbani kwa Bwana Sefu, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye alivuka Grande Barrière, kizuizi cha mpaka wa Kongo, asubuhi moja na kurudi kutoka Goma na redio ya mbao ya kung'aa, iliyofungwa blanketi, pamoja na betri nzito iliyobebwa na mtu mwingine. Aliweka redio kwenye chumba cha mbele, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, na akagawanya chumba kwa pazia: wanaume upande wa dirisha, wanawake upande wa mlango wa uani. Kuingia kulikuwa kwa mchango wa mwezi. Kila mwanachama alileta kigoda chake mwenyewe chenye alama yake, na kigoda kililala mle ndani. Mwezi ukiisha bila mchango, Bwana Sefu hakusema neno. Ulikuta tu kigoda chako kimewekwa nje, chini ya ukuta, na wapita njia wakakiona. Mle ndani tulisikia nyimbo za Kongo mpaka miguu ikacheza yenyewe, tukasikia habari za Bukavu na za mbali zaidi ya Bukavu, na saa kumi na moja jioni, wakati Munwa ulikuwa umelala zamani, kulikuwa na kipindi cha salamu ambapo majina ya watu yalisomwa moja baada ya jingine. Mimi sikulipa mchango. Nilijua kuandika haraka, na sauti ya redio ile ilikuwa inakuja na kuondoka, kwa hiyo Bwana Sefu alinipa daftari nikawa naandika yaliyosikika, ili yakipotea niyasome. Kigoda changu kilikuwa mbele kabisa, karibu na pazia. Sitaficha kwamba nilijiona. Wasichana wa rika langu walikuwa wanapepeta maharage wakati mimi najua nani kamsalimia nani Bukavu.

Kulikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo kiini cha habari yangu. Neno lililosikika mle ndani halikutoka nje mpaka Ijumaa. Ijumaa, baada ya sala, Bwana Sefu mwenyewe alikaa barazani, akapewa kahawa, akawagawia habari za wiki wote waliopita, bure, kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka. Kabla ya hapo, mwanachama aliyetoa neno nje kigoda chake kilifuata neno. “Kama batu bote banajua Jumatatu,” alituambia, “nani atakuja kukaa kwangu Jumanne?” Na sisi tuliona ni haki. Nashangaa sasa jinsi tulivyoona ni haki. Tulikuwa tunapishana sokoni na watu wasiojua tunachojua, na kutokusema kulikuwa kutamu kuliko nyimbo zenyewe.

Riziki alikuwa jirani yangu, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu au minne, mke wa Ramazani, dereva wa lori la kabichi na maharage kati ya Mahoko, Goma na Bukavu. Ndiye aliyenifundisha kushona kofia. Alikuwa na kicheko cha ghafla kilichomponyoka hata mahali pa heshima, na Ramazani alikuwa akisema alimwoa kwa ajili ya kicheko hicho, kisha akajuta msibani. Ramazani alipokuwa nyumbani mchango ulilipwa, na Riziki alikaa nyuma yangu chumbani kwa Sefu akininong'onezea upuuzi. Mwaka ule safari za Ramazani zikawa ndefu. Siku moja nilifika nikakuta kigoda cha Riziki, chenye alama ya nyota tatu, kiko chini ya ukuta. Alikuja, akakitazama, akakibeba kichwani akarudi nacho kwao bila haraka. “Bon,” aliniambia, “mi nitasikilizaka Munwa. Munwa hauna mulango.” Akacheka. Mimi niliingia ndani.

Ilikuwa Jumatano, siku ya soko, Munwa ulipomuua Ramazani. Nilikuwa na Riziki, tunachagua nyanya. Santuri zilikuwa zimekwisha na kelele zimerudi. Gaspari akasoma kwamba lori la mizigo limeanguka mlimani njia ya Bukavu, lilikuwa na madereva wawili, Ramazani wa Gisenyi na Isa wa Goma, na kwamba Ramazani amekufa na Isa amejeruhiwa. Alisoma haraka, akaingia kwenye habari ya mbuzi aliyepotea. Nyanya moja ilikuwa mkononi mwa Riziki. Aliirudisha kwenye fungu lake, akaipanga vizuri, kisha akaanza kupiga kelele.

Waliokuwa na busara walisema tusikimbilie. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliwaambia wazee kwamba mwanamke hakai eda kwa uvumi. Lazima wawepo mashahidi wawili. Wakaenda ofisini kwa Gaspari, nami nikafuata nyuma pamoja na wanawake, tukasimama dirishani. Gaspari akaonyesha karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa. Ikapita mikononi mwa wazee watano, kila mmoja akaitazama kwa heshima, akampa mwenzake. “Njo hivi imeandikwa,” alisema Gaspari. “Minasoma tu.” Mwalimu akauliza tena, mashahidi wako wapi. Ndipo mzee mmoja muuza chumvi akasema neno ambalo hakuna aliyelipinga: “Munwa ni moja. Gaspari ni mbili.” Wakatazamana. Mwalimu akasema Inna lillahi. Tuliona imekamilika. Tulikuwa tumesikia sauti kutoka juu ya nguzo, na sasa tumemwona mtu na karatasi chini ya dari, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba sauti na mtu vilikuwa na koo moja. Nimewaza sana kuhusu hilo. Hatukuwa wajinga. Kila mtu alijua ni Gaspari anayesema. Lakini sauti ikishafika kwa watu wote kwa pamoja inapata uzito ambao mwenye sauti hana, na tulimhesabu mara mbili kwa sababu ya uzito huo.

Riziki akaingia eda. Miezi minne na siku kumi: nguo nyeupe, hapaki mafuta ya kunukia, hatoki nyumbani, hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ukuta wa jirani. Wanawake tuligawana zamu za chakula. Alikuwa anakula kwa utiifu, tonge baada ya tonge, kama anayetimiza ahadi, na kicheko chake hakikuwapo tena hata kwa bahati mbaya. Shemeji yake Idi, mdogo wa Ramazani, fundi cherehani, aliziweka nguo za kaka yake kwenye sanduku, akalifunga, kisha akarudi akatoa kanzu moja akaenda nayo. Alilala nayo, mkewe aliniambia.

Jumatatu ya pili baada ya hapo, saa kumi na moja jioni, nilikuwa kwenye kigoda changu na daftari. Bibi Sefu alikuwa ametuletea chai ya tangawizi na mikate ya kukaanga. Kipindi cha salamu kilikuwa kinakuja na kuondoka. Fulani wa Uvira anasalimia. Fulani anamjulisha mama yake amepata mtoto. Halafu likaja tangazo la wagonjwa, na kalamu yangu ikaandika kabla akili yangu haijaelewa: Ramazani, dereva, wa Gisenyi, yuko hospitali Bukavu, anasalimia mke wake Riziki, anaomba mtu wa kwao afike kabla ya Alhamisi. Sauti ikapotea, kikabaki kile kishindo cha mvua ndani ya redio. Bwana Sefu akasema nyuma ya pazia, polepole, “Dija, soma.” Nikasoma. Akaniambia nisome tena, nikasoma tena.

Ningependa kusema niliinuka nikakimbia. Riziki alikuwa mbali nami kwa nyumba sita. Nilisema hivi: “Bwana Sefu, minaweza kwenda kumwambia?” Niliomba ruhusa. Yeye akanijibu bila ukali, na hilo ndilo lililonishinda, maana ukali ningeupinga. “Binti yangu, sauti ilikuwa inakatika. Kama si yeye? Ramazani iko batu wangapi Gisenyi? Utamutoa mutu mu eda juu ya kitu uliandika na haraka? Dhambi itakuwa yako.” Mzee mmoja akasema kweli. Mwingine akasema tungoje, labda itarudiwa kesho. Bwana Sefu akamalizia, “Na sheria ni sheria. Ijumaa nitasema mi mwenyewe, vizuri, mbele ya bote.” Wanawake wakatazama chai zao. Nilifunga daftari. Nikajiambia naogopa dhambi. Haikuwa hivyo. Dhambi niliikumbuka baadaye, nikaivaa juu kama kanga. Kitu kilichoniweka chini ni kwamba nilikiona kigoda changu kikiwa nje chini ya ukuta, na wasichana wanapita wanakitazama.

Jumanne ilikuwa zamu yangu ya kupeleka chakula. Nilipika ndizi na maharage, nikatia mawese mengi kuliko kawaida. Njiani nilijiambia nikifika nitasema. Nilifika, nikaketi, nikamnawisha mikono. Alikuwa amekonda usoni. Alikula kidogo, akanitazama kwa namna ya kuniokoa, akauliza, “Mu redio banaimba nini siku hizi?” Nikamwambia kuna wimbo mpya wa Kongo, wa magitaa mawili. “Imba kidogo.” Nikaimba kidogo, kwa sauti ya chini kwa sababu ya eda. Mimi, niliyekuwa na jina la mume wake kwenye daftari, nilimwimbia wimbo. Halafu akasema, “Na habari?” Nikafungua mdomo. Yeye akainua mkono kwa upole: “Hapana, acha. Najua iko sheria. Mi sina kigoda kule, usije ukapata shida juu yangu.” Nikafunga mdomo. Alinipa ruhusa ya kumdhulumu, na mimi nikaipokea kwa shukrani, nikabeba sahani nikaenda.

Ijumaa, baada ya sala, Bwana Sefu aliketi barazani. Akaletewa kahawa. Alianza na bei ya vitambaa, akaenda kwenye mpira wa timu za Bukavu, akataja mvua iliyobomoa daraja huko Kongo, na baada ya daraja akasema, “Na Ramazani ya kwetu, inaonekana iko muzima. Iko hospitali Bukavu. Aliomba mutu afike.” Akanywa kahawa. Idi alikuwa amesimama pembeni na futi yake ya kupimia shingoni. “Afike lini?” aliuliza Idi. Bwana Sefu akanitafuta kwa macho, nami nikiwa kwenye mlango wa uani, na ilibidi niseme mimi. “Kabla ya Alhamisi.” “Alhamisi gani?” Nikasema ya jana. Idi alinitazama mara moja tu. Hakunitukana. Alifungua ile futi shingoni, akaiweka barazani, akaondoka kuelekea barrière akiwa na viatu vya nyumbani.

Wanawake walimkimbilia Riziki na vigelegele kabla sijafika. Alitoka eda siku ile, siku ya kumi na saba. Alioga, akavaa kitenge cha manjano, akasuguliwa miguu, akapika chungu kikubwa cha sombe, yaani kisamvu, kwa mtaa mzima, na kicheko kikarudi kwa wingi mpaka kikatutisha. “Bwana yangu alikufa, akachoka, akafufuka!” alikuwa akisema kwa kila aliyeingia. Alinikumbatia, akanilisha kwa mkono wake. Hakuna aliyekuwa amemwambia ile habari ilisikika lini. Na kesho yake asubuhi Munwa ulifunguka saa tatu kama kawaida, lakini hakukuwa na habari ya matuta. Gaspari alisema jina lake. Alisema karatasi ilikuwa na majina mawili na maneno mawili, moja la aliyekufa na moja la aliyeumia, na kwamba yeye alikuwa na haraka kwa sababu ya kelele, akalipa jina la kwanza neno lisilo lake. “Si karatasi ilikosea. Si Leta. Ni mi, Gaspari. Mwenye alikufa ni Isa wa Goma. Namuomba musamaha muke wa Ramazani, namuomba musamaha muke wa Isa.” Akarudia kwa Kinyarwanda. Soko zima lilisimama. Sisi tulikuwa tumesahau kabisa kwamba ng'ambo ya barrière kuna mwanamke aliyekuwa akipika kwa siku kumi na saba akimngoja mume aliyekwisha kuzikwa.

Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wale wajukuu wawili, si huyu wala yule. Chetu cha bure kilimuua mtu aliye hai mbele ya soko zima, kwa uzembe, kwa kutojali nani anasikiliza. Lakini kilipokosea kilikosea hadharani, tukajua pa kwenda kuuliza, na kikasimama pale pale juu ya nguzo kikasema nimekosea. Chetu cha kulipia hakikukosea hata neno moja. Kilipata jina, hospitali, siku. Kikaviweka chumbani, na sisi tuliokuwamo tukanywa chai. Bwana Sefu hakuomba radhi maisha yake yote. Alisema alitoa habari Ijumaa kama alivyoahidi, na ilikuwa kweli.

Idi alirudi Jumanne, pamoja na dereva mmoja wa Bukavu. Walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wameona kwa macho. Mguu wa Ramazani ulikuwa umeoza. Madaktari walitaka kuukata, yeye akakataa mpaka amwone mtu wa kwao, dereva asiye na mguu atalea vipi watoto wake, atarudi vipi kwa mkewe; alitaka mtu wa damu yake amwambie kata. Kwa hiyo aliomba tangazo redioni, akangoja. Alhamisi ikapita. Idi alifika Jumamosi jioni, akamwambia kata, Ramazani akakubali akicheka kwamba Idi amechelewa kama nguo za cherehani yake. Daktari akatikisa kichwa. Alikufa Jumapili kabla jua halijachomoza, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa Idi.

Mwalimu akaja na hukumu, na alikuwa analia akiitoa. Zile siku kumi na saba hazihesabiwi, maana mume alikuwa hai. Eda inaanza Jumapili, upya, miezi minne na siku kumi. Riziki akavua kitenge cha manjano, akarudi kwenye nguo nyeupe na dirisha lile la kutazama ukuta. Nilirudisha daftari kwa Bwana Sefu siku hiyo. Wengine wamenisifu kwa hilo. Kigoda nilikiacha mle ndani.

Nilimpelekea chakula kwa zamu, kama kwanza. Mwezi mzima hakusema nami zaidi ya salamu. Siku moja, baada ya alasiri, alikuwa amemaliza kula na mimi nakusanya vyombo, akasema bila kunitazama, “Idi aliniambia. Mulisikia Jumatatu.”

“Ndiyo, dada.”

“Na Jumanne ulikuja na ndizi.”

“Nilikuja.”

“Uliniimbia.” Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayetafuta tundu la sindano. “Donc toka Jumatatu mupaka Ijumaa, bwana yangu alikuwa muzima kwenu. Mu chumba ya Sefu alikuwa muzima, anasalimia. Kwangu alikuwa maiti. Mi muke yake nilikuwa naombea maiti, Dija, na yeye iko kule analala, anatazama mulango.”

Nilianguka magotini. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia yeye mwenyewe alininyamazisha, kisha nikaona aibu ya kusema hilo, nikarudia nisamehe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Aliniinua, akanipangusa uso na ncha ya ile nguo nyeupe, kwa upole ule ule wa Jumanne.

“Mi naweza kukusamehe,” alisema. “Mi niko hapa. Yeye ndiye alingoja.”